Injini Kubwa Inadai Breki Yake



Katika gereji za Kanengo, kama ilivyo Dar es Salaam, Bujumbura au Bukavu, kubadilisha injini si habari mpya. Injini iliyochoka hutolewa, nyingine iliyotumika huko Japani huingizwa, na gari huendelea na kazi. Mara nyingi inayoingia ni ya ukubwa uleule. Lakini vijana wetu wa gereji wanapenda zaidi jambo jingine, nalo ni kuingiza injini yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Duniani, kazi hiyo imepata sifa kubwa katika magari madogo ya spoti, yale ya viti viwili yaliyotengenezwa miaka ya 1960 na 1970, ambayo leo wenye fedha wanayatunza kama dhahabu.

Mtu anaweza kutuuliza: gazeti la wafanyakazi lina shughuli gani na magari ya starehe? Tunajibu kwamba magari hayo hayakujitengeneza. Yalitengenezwa kwa mikono ya wafanyakazi kama sisi, nao ndio waliogongwa kwanza na matatizo ya injini kubwa. Tena, habari yenyewe ina fundisho kwa kila mtu anayesimama mbele ya mashine ya kusindika tumbaku, au anayepimiwa kilo za majani ya chai shambani. Kwa hiyo tumeona vema kuieleza kwa kirefu.

MFANO WA SAFARI RALLY

Tuanze na gari ambalo wazee wetu wa Afrika Mashariki waliliona kwa macho yao. Mwaka 1971 mshindi wa Safari Rally alikuwa Edgar Herrmann, pamoja na mwenzake Hans Schüller, katika Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo likashinda tena, likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Lilikuwa gari la spoti la viti viwili, lakini lilipita katika matope, mawe na mashimo ya barabara zetu na kufika salama.

Tunalitaja kwa sababu ya injini yake. Huko kwao Japani gari hilo, lililoitwa Fairlady Z, lilianza kuuzwa likiwa na injini ya lita 2, maana kodi ya magari yenye injini kubwa kuliko hiyo ilikuwa nzito. Lile la kuuzwa nchi za nje likapewa injini ya lita 2.4. Injini hizo mbili ni za ukoo mmoja, zote zikiwa na silinda sita katika mstari mmoja. Nafasi chini ya boneti ilikuwa tayari, na injini kubwa ilikaa mahali pake kama mgeni aliyetandikiwa kitanda kabla hajabisha hodi.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kuongeza nguvu: kuandaa kwanza, kuongeza baadaye. Sasa tutazame njia ya pili, ambayo ndiyo inayotumika zaidi kwa sababu ni ya haraka. Mfano wake unatoka Uingereza na Marekani.

FIMBO YA KUPIMIA NA INJINI YA FORD

Kampuni ya Rootes ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza gari dogo la spoti lililoitwa Sunbeam Alpine, kuanzia mwaka 1959. Lilikuwa gari zuri la kutazama, lakini injini yake ilikuwa ya silinda nne, na hata ilipokuzwa kufikia lita 1.6 nguvu zake zilikuwa farasi 80 na kidogo tu. Wateja wa Marekani walilipenda umbo lake wakalalamikia uvivu wake.

Ian Garrad, aliyesimamia mauzo ya kampuni hiyo katika pwani ya magharibi ya Marekani, alikuwa na habari ya kazi ya Carroll Shelby. Mwaka 1962 Shelby, aliyekuwa dereva wa mashindano, alichukua gari la Kiingereza la kampuni ya AC na kulitia injini ya Ford ya silinda nane. Gari hilo likaitwa Cobra, na likayaacha mengi nyuma. Garrad akawaza: kama wao wameweza, kwa nini sisi tusiweze? Akamtuma mkuu wake wa huduma za ufundi, Walter McKenzie, azunguke kwa wauza magari akapime injini za silinda nane, aone ipi itaingia katika Alpine. Chombo alichotumia kupimia kilikuwa fimbo ya mbao. Injini iliyoonekana kuweza kuingia ilikuwa ya Ford, ya inchi za ujazo 260, yaani lita 4.26. Ilikuwa nyembamba na nyepesi kuliko ndugu zake.

Shelby alitaka dola 10,000 na muda wa wiki nane hivi kutengeneza gari la mfano. Garrad hakuwa na subira, akampa pia Ken Miles, dereva na fundi hodari, dola 800 ili ajaribu. Miles alimaliza gari lake katika muda wa wiki moja. Lile la Miles lilionyesha kwamba jambo linawezekana. Lile la Shelby ndilo lililopelekwa Uingereza mwezi wa Julai 1963 kuonyeshwa kwa Lord Rootes, mkuu wa kampuni. Naye alipolijaribu akalipenda, akaagiza kwa Ford injini 3,000. Mwezi wa Aprili 1964 gari likaonyeshwa New York kwa jina la Sunbeam Tiger. Kazi ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu au minne ilifanywa kwa muda usiofika mwaka mmoja.

Lilikuwa na nguvu za farasi 164, yaani mara mbili ya Alpine. Nguvu ya kuzungusha magurudumu ilizidi mara mbili. Kwa bei yake, wakati ule, lilikuwa gari la kutisha.

KILICHOBEBA INJINI

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Magazeti ya magari yalisifu injini. Sisi tunaulizia kilichoibeba.

Kwanza ni uzito. Alpine ilikuwa na uzito wa kilo 1,000 hivi. Tiger ilikaribia kilo 1,200. Sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikaa mbele. Springi za mbele zilizozoea mzigo mdogo zisingeweza kuubeba huo. Zikawekwa ngumu zaidi.

Pili ni stelingi. Mashine ya stelingi ya Alpine ilikaa mahali ambapo injini mpya ilipahitaji. Ikatolewa, ikawekwa ya aina nyingine, ile ya fito yenye meno. Kwa hiyo injini haikuingia peke yake, ilimfukuza mwenyeji.

Tatu ni giaboksi na difu. Meno ya giaboksi ya Alpine yalitengenezwa kwa nguvu ndogo. Ukiyapa nguvu mara mbili yanavunjika, kama vile kamba ya mbuzi isivyoweza kumfunga ng'ombe. Ikaletwa giaboksi ya Kimarekani ya gia nne, na nyuma ikawekwa ekseli nzito zaidi. Tena ikaongezwa fito ya chuma ya kuishika ekseli isicheze kushoto na kulia, maana nguvu ikizidi, ekseli hutaka kuhama mahali pake.

Nne ni joto. Injini kubwa inachoma petroli nyingi, na petroli nyingi inatoa joto jingi. Rejeta ikaongezwa ukubwa, lakini nafasi ya hewa kupita ilikuwa finyu, na magari hayo yakajulikana kwa kuchemka katika nchi za jua na katika misongamano ya magari. Hata plagi moja ya nyuma ilikuwa haifikiki kwa spana kutoka mbele. Ikabidi ukutani, kati ya injini na viti, liachwe tundu lenye kifuniko ili fundi aifikie kutokea ndani ya gari.

Tano ni breki. Na hapa tunasema wazi. Breki za Tiger hazikutofautiana sana na zile za Alpine ya wakati huo: diski mbele, ngoma nyuma. Sasa tufanye hesabu ambayo kila mtoto wa darasa la saba anaweza kuifuata. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Uzito ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara mbili. Lakini mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Alpine ilifika karibu kilomita 160 kwa saa, Tiger karibu 190. Ukipiga hesabu ya mwendo na uzito kwa pamoja, kulisimamisha Tiger lililo katika mwendo wake wote kulizipa breki kazi zaidi ya mara moja na nusu ya ile ya Alpine. Nguvu ziliongezwa mara mbili kwenye kanyagio la kwenda, lakini kwenye kanyagio la kusimama nyongeza ilikuwa ndogo mno.

Mafundi wa siku hizi wanaotunza Tiger wanajua hivyo. Wengi wao huanza na rejeta na breki.

NYUNDO YA WEST BROMWICH

Sasa tuje kwa wafanyakazi wenyewe. Kampuni ya Rootes haikuyaunganisha magari hayo katika kiwanda chake. Kazi ilipewa kampuni ya Jensen, mjini West Bromwich. Bodi zilitengenezwa na kupakwa rangi kwingine, zikafika Jensen zikiwa zinang'aa. Injini zilivuka bahari kutoka Marekani. Kazi ya wafanyakazi wa Jensen ilikuwa kuvikutanisha vitu hivyo viwili.

Basi injini haikuingia. Ule ukuta unaotenga injini na viti ulizuia. Kwa kuwa bodi zilikuwa zimekwisha kutengenezwa na rangi imekwisha kupakwa, dawa iliyotumika katika mstari wa kazi ilikuwa nyundo kubwa. Mfanyakazi aliinua nyundo akaponda sehemu ya ukuta huo, bodi baada ya bodi, mpaka nafasi ikapatikana.

Wapenzi wa magari wakisimulia jambo hili hucheka. Sisi hatucheki sana. Tunauona mkono wa mtu anayeinua nyundo hiyo asubuhi hadi jioni ili kutengeneza nafasi ambayo ilipaswa kutengenezwa na kalamu ofisini. Hivyo ndivyo mambo yalivyo mahali pengi: kile ambacho wakubwa hawakukiandaa, mfanyakazi hukilipa kwa bega lake.

Hata hivyo wafanyakazi wale walifanya kazi. Yalitoka magari kama 7,000 katika miaka mitatu na kidogo. Je, mwisho wake ulikuwaje? Haukuletwa na ubovu wa kazi yao. Kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kununua hisa za Rootes mwaka 1964, na mwaka 1967 ikaitawala. Chrysler ni mshindani wa Ford. Haikutaka kuuza gari lenye injini ya Ford ndani yake. Ikatafuta injini yake yenyewe ya silinda nane, lakini ilikuwa kubwa mno, na distributa yake ilikaa upande wa nyuma mahali pasipo na nafasi. Nyundo sasa haikuweza kusaidia. Mwaka huohuo wa 1967 Tiger ikakomeshwa. Jensen ilikuwa pia ikitengeneza bodi za gari jingine la spoti, Austin-Healey, na kazi hiyo nayo ikafikia mwisho wakati huohuo. Jensen ilidumu miaka michache tu baada ya hapo, ikafungwa mwaka 1976.

Ndugu msomaji, weka jambo hilo moyoni. Gari lilipendwa, mikono iliyoliunda ilikuwa hodari, lakini injini ilikuwa ya mtu mwingine na hisa zilikuwa za mtu mwingine. Mkataba ulipobadilishwa juu, chini kazi ikaisha.

MIFANO MIWILI YA WALIOANDAA

Tusidhani kwamba kila aliyeingiza injini kubwa alitumia nyundo. Ipo mifano ya busara.

Wa kwanza ni lile gari la Cobra. Lilipotiwa injini ya Ford ya lita 4 na kitu, chesisi yake ya mabomba ya chuma ilivumilia. Lakini walipotaka kuingiza injini ya lita 7, mwaka 1965, waliona kwamba mifupa ile haitoshi. Wakachora chesisi upya. Mabomba makuu yaliyokuwa na upana wa inchi 3 yakawa ya inchi 4, na springi za majani zikaondolewa, zikawekwa za kujizungusha. Kwanza mifupa, kisha msuli.

Wa pili ni MGB, gari la spoti la Kiingereza lenye injini ya silinda nne ya chuma kizito. Fundi mmoja aliyekuwa pia dereva wa mashindano, Ken Costello, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuyatia magari hayo injini ya Rover ya silinda nane, lita 3.5. Injini hiyo ilibuniwa Marekani na kampuni ya Buick, kisha Rover ikanunua haki zake. Ajabu yake ni kwamba imetengenezwa kwa aluminiamu. Kwa hiyo, ingawa ina silinda mara mbili na nguvu zaidi, uzito wake haukupita mbali uzito wa ile ya zamani. Pua ya gari haikuzama na springi hazikulalamika. Kiwanda chenyewe kikaona, kikatengeneza cha kwake kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, na yakatoka magari 2,591.

Tofauti ya Tiger na MGB ni fundisho zima. Wote wawili waliongeza nguvu. Mmoja aliongeza nguvu pamoja na mzigo mkubwa, mwingine alitafuta nguvu isiyokuja na mzigo.

KWA VIJANA WA GEREJI

Kwa wenzetu wanaofanya kazi hii kwenye pikapu na mabasi madogo, si lazima gari liwe la spoti. Sheria ni zilezile. Kabla ya kununua injini kubwa, fuateni mambo haya:

1. Pimeni injini kwa urefu, upana na kimo, pamoja na mahali pa distributa, stata na mabomba ya ekzosi. Msipime kwa macho.

2. Ulizeni uzito wake. Kama inazidi ile ya zamani, springi na shokabsoba za mbele zibadilishwe pia.

3. Tengenezeni breki kabla ya injini. Gari lenye breki kubwa na injini ndogo halimuui mtu. Lenye injini kubwa na breki ndogo linaua, na mara nyingi linaua abiria waliokaa nyuma wasiojua lolote.

4. Angalieni klachi, giaboksi, propela shafti na difu. Nguvu hupita humo kama maji katika bomba, na bomba hupasuka mahali penye unyonge.

5. Rejeta iwe ya injini mpya, si ya zamani. Hewa ipate njia ya kuingia na njia ya kutoka.

6. Mabomba ya petroli na nyaya za umeme viwe mbali na ekzosi. Injini kubwa ikibanwa, vitu hivi hugusana, na hapo moto huanza.

7. Kadi ya gari ina namba ya injini. Injini ikibadilishwa, mwenye gari apeleke habari kwa wakuu wa usalama barabarani na gari likaguliwe. Asiyefanya hivyo humwachia dereva aliyeajiriwa mzigo wa kujibu polisi.

Mwenye gari atasema: breki ni ghali, weka injini tu. Fundi mwenye heshima ya kazi yake ajibu kwamba hivyo viwili ni kazi moja na bei yake ni moja.

INJINI ILIYO NDANI YA KIWANDA

Sasa tufike nyumbani. Kanengo, huku kaskazini mwa Lilongwe, ndiko kwenye soko la mnada wa tumbaku na viwanda vya kuisindika. Msimu ukifika, maelfu ya watu huingia kazini. Wengi wanaosoma ukurasa huu wa Kiswahili wametoka Kongo, Burundi, Rwanda na Tanzania, na wengine wana ndugu zao Dzaleka, wilayani Dowa, katika kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994.

Katika kiwanda kimoja ambacho hatutakitaja, wakina mama walikuwa wakisimama pande mbili za mkanda unaotembea, wakichambua tumbaku, wakitoa vijiti, kamba na takataka. Mota ya mkanda iliungua. Ikaletwa nyingine yenye nguvu zaidi, na puli yake ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza. Mfanyakazi wa mashine anajua maana yake: puli ya mota ikikua, mkanda unakimbia. Tumbaku iliyokuwa ikipita kwa mwendo wa mtu anayetembea ikaanza kupita kwa mwendo wa mtu aliyechelewa. Idadi ya wakina mama ilibaki ileile. Swichi ya kusimamisha ilibaki palepale, mwisho wa chumba. Kizuizi cha wavu kilichofunika rola, ambacho kilitolewa siku ya kufunga mota, hakikurudishwa.

Katika wiki ya tatu mama mmoja aliinama kufuata kamba iliyompita. Ncha ya kitenge chake ikashikwa na rola, kikamvuta, akatanguliza mkono kujizuia. Wenzake walipiga kelele, na kijana mmoja akakimbia chumba kizima mpaka kwenye swichi. Mkono ulivunjika mahali pawili. Tulipokwenda kumwona, la kwanza alilotuuliza halikuwa habari ya mkono. Alituuliza kama nafasi yake kazini imeshapewa mtu mwingine.

Mwajiri alisema mama huyo hakuwa mwangalifu. Sisi tukaeleza habari ya injini na breki. Tukasema: mmetia injini kubwa katika gari hili, lakini mmeacha breki za zamani, na mkatoa hata boneti. Tukakumbusha kwamba Sheria ya Usalama, Afya na Ustawi Kazini ya Malawi, ya mwaka 1997, inadai sehemu za hatari za mashine zizuiliwe ili mtu asiguswe nazo. Tukaomba mambo manne: wavu urudishwe, swichi za kusimamisha ziwekwe karibu na kila kundi la watu, watu waongezwe kwenye mkanda, na mama huyo alipwe fidia na kurudishwa kazini akipona.

Wavu ulirudi siku ya pili. Swichi zilifungwa mwezi uliofuata. Mama alirudi kazini, ingawa kwa kazi ya kufagia, maana mkono haujanyooka vizuri. Watu wa kuongezwa kwenye mkanda hatujapewa mpaka leo, na shauri hilo bado liko mezani.

ASIYE NA SAUTI NDIYE BREKI YA KWANZA KUKATIKA

Kuna jambo moja zaidi. Mkanda ukiongezwa mwendo, nani hunyamaza? Hunyamaza yule anayeogopa zaidi. Mkimbizi hana uhuru wa kufanya kazi nchini kama mwananchi. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi nje warudi Dzaleka, na wengi waliacha maduka na kazi zao. Mtu wa namna hiyo akipata kibarua, hata mkanda ukikimbia kama gari la Safari, hatasema neno. Kadhalika kibarua wa msimu, ambaye mkataba wake unaisha tumbaku inapoisha.

Wako wanaosema kwamba watu hao ndio wanaotuharibia kazi kwa kukubali kila kitu. Hatukubaliani nao. Si kosa la kiungo dhaifu kwamba mnyororo umepewa mzigo wa ziada. Dawa yake ni kukiimarisha kiungo hicho, yaani kumwingiza mwenzetu katika umoja na kumsemea asipoweza kusema. Mkanda haumchagulii mtu uraia. Ukimvuta Mkongo leo, kesho utamvuta Mmalawi katika nafasi ileile.

Na ndugu zetu wa mashambani wasidhani habari hii ni ya viwandani peke yake. Kipimo cha kazi cha siku kikipandishwa, hiyo ni injini kubwa. Trekta jipya likivuta matela mawili badala ya moja kwenye breki zilezile, hiyo ni injini kubwa. Mashine ya kuchuma chai ikiletwa, na watu wakapunguzwa huku waliobaki wakibeba mzigo wa wote, hiyo pia ni injini kubwa.

LA KUFANYA

Chama hakipingi mashine mpya. Mota nzuri inaweza kumpunguzia mtu kazi, kama vile ile injini ya aluminiamu ilivyoleta nguvu bila kuleta mzigo. Tunachodai ni kwamba nguvu ikiongezwa, na breki iongezwe, na mifupa iimarishwe, na joto lipewe njia ya kutoka. Katika kiwanda, breki ni swichi na wavu, mifupa ni idadi ya watu, na njia ya joto ni mapumziko na mshahara unaolingana na kazi.

Kwa hiyo kila mjumbe wa tawi afanye kazi hii kabla ya mkutano ujao. Achukue daftari, apite katika sehemu yake, aandike kila mashine iliyobadilishwa mota, puli au mwendo tangu msimu uliopita. Aandike tarehe, idadi ya watu waliokuwapo na waliopo sasa, mahali swichi ilipo, na kama wavu upo au haupo. Mwendo wa mkanda aupime mwenyewe kwa saa: aweke alama ya chaki, ahesabu sekunde mpaka alama irudi. Maneno ya mdomo hupotea, lakini namba zilizoandikwa mwajiri hawezi kuzikana kwa urahisi.

Daftari hizo tutazisoma pamoja mkutanoni, kwa Kichewa na kwa Kiswahili, ili asibaki mtu nje.

UMOJA NI NGUVU.